Jenereta Iliyokauka Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi baba yake Annika alikaanga chapati za maji huku redio ikisoma hali ya hewa ya jimbo lao la Nebraska, Marekani. Jumamosi hiyo jiko lilikuwa baridi. Mvua ya barafu ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, matawi yakakatika na kuangukia nyaya, na umeme ukazimika mji mzima wa Halder.

Simu ikalia. Baba, Bwana Verlyn Tollefson, ndiye aliyekuwa mkuu wa dharura wa kaunti. Alisikiliza, kisha akanyakua koti.

"Jenereta ya nyumba ya wazee imegoma. Wamebakiwa na mitungi michache tu ya oksijeni. Vaa viatu, Annika, utanishikia tochi. Tunawapelekea ile yetu."

Bibi Ardis, mama yake baba, aliishi katika nyumba ile, na hakuweza kupumua vizuri bila mashine.

"Ile yetu" ilikuwa jenereta kubwa juu ya trela. Kaunti iliinunua kwa ruzuku ya serikali kuu, iliyotolewa kwa ajili ya majanga na mashambulizi ya kigaidi. Watu wa Halder walicheka sana. "Magaidi watafuata nini huku, mahindi yetu?" Baba aliwajibu kwamba haiguswi mpaka siku ya dharura, basi. Lakini Alhamisi jioni, kwenye sherehe ya timu ya shule, Annika alikuwa amewapa wanafunzi wakubwa wa bendi ya shule ufunguo wa banda la jenereta. Waliwasha spika, taa na mashine ya bisi mpaka jenereta ikakohoa na kunyamaza. Wakairudisha kimya kimya. "Tutaijaza Jumatatu," waliapa. Annika naye akafunga mdomo.

Sasa pikapu ilitambaa ikivuta trela, magurudumu yakiteleza. Huenda mafuta yamebaki kidogo, Annika alijipa moyo. Wakapita kituo cha mafuta. Giza tupu, pampu zake hazifanyi kazi bila umeme. Mbele kulikuwa na shamba la Otto Krahn, kisha daraja, na ng'ambo ya daraja hakukuwa na mtu mwenye dizeli.

"Baba."

"Subiri, mwanangu, naangalia barabara."

"Baba, simama! Haina mafuta!"

"Nini haina mafuta? Tangi letu limejaa."

"Jenereta. Waliitumia kwenye sherehe. Ufunguo niliwapa mimi."

Baba alikata usukani na kuingia shambani kwa Otto, ambako dizeli ya matrekta ilikaa kwenye tangi lenye miguu mirefu, ikitiririka yenyewe bila pampu.

"Verlyn!" Otto alicheka mlangoni. "Umewafuatia magaidi mafuta?"

"Mama yangu, Otto. Oksijeni inaisha."

Kicheko kikakatika. Koki ilikuwa imeganda. Otto alikimbilia ndani, akarudi na birika zima la kahawa ya moto, akaimwagia yote. Koki ikalegea, wakaijaza jenereta.

Kwenye nyumba ya wazee muuguzi aliwapokea mbio. "Mlikuwa mkifanya nini njiani? Huu ni mtungi wa mwisho!"

Baba aliunganisha nyaya huku Annika akishika tochi kwa mikono miwili. Jenereta ilikohoa, ikazimika. Baba akapampu mafuta kwa mkono, akajaribu tena. Ikakohoa. Kisha ikanguruma, na madirisha yote yakawaka.

Ndani, Bibi Ardis alikuwa na midomo ya bluu. "Unalia nini wewe?" alimwuliza mjukuu wake. "Bado nipo."

Jioni Annika alimwuliza baba kama ni lazima halmashauri ya kaunti ijue. Mashine si iliwaka?

"Nitawaambia mwenyewe, na wewe utasimama karibu nami," baba alisema. "Mimi pia nina kosa. Jana nilikagua betri na matairi, geji ya mafuta sikuitazama. Mashine hii imelipiwa na watu wasiotujua, Annika. Walituamini kwamba siku ya shida itakuwa tayari. Mali ya wote ikitumika kwa anasa ya wachache, kuna mtu atakayeikosa siku anapoihitaji, na mara hii nusura awe bibi yako." Akamvuta karibu. "Lakini ulisema kabla hatujavuka daraja. Ndiyo maana leo tuna la kusimulia bila kulia."