Kiti Hakikai Kitupu

Mshonaji alikuwa akipachika vifungo kwenye gauni la bibi harusi aliposikia mdogo wake, chumba cha pili, akisema, "Ahsante." Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Akaacha sindano, akaenda kuchungulia.

"Unamshukuru nani?"

"Amenionyesha pa kumweka malkia," alijibu mdogo mtu, macho hayabanduki mezani.

Tangu azikwe mumewe, mjane huyu alijiliwaza kwa mchezo wa karata wa mtu mmoja. Unapanga safu saba. Nyekundu inakaa juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, zikishuka. Ree, zile karata za moja, zikijitokeza unazitenga, kila moja unaijengea aina yake mpaka mfalme. Safu ikiisha, pengo lake halijazwi ila na mfalme. Karata zilizobaki nje ya safu ni akiba, unazipitia mara moja tu. Ukikosea, imekula kwako. Mchezo kufunguka, karata zote zikapata mahali pake, ni bahati ya mtende.

Mshonaji alicheka, akasema upweke nao una vituko vyake. Lakini kesho yake chumba kilinuka nywele zilizoungua, na mdogo wake hakuinuka kula. Mashavu yakabonyea, midomo ikapasuka kwa kiu, vidole vikaendelea kugawa karata. Akivutwa mkono, anapiga yowe kama anayechunwa ngozi.

"Dada, niache! Nikiinuka mchezo haujafunguka, ataniua."

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. Alitazama kile kiti, akarudi nyuma, akanong'ona, "Mama, hajakaa peke yake pale. Jini halitoki mpaka mchezo ufunguke, na ree ya mwisho limeificha lenyewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Huna la kufanya. Ila kiti hakikai kitupu. Mmoja akitoka, mwingine akae." Akageuka, akaondoka mbio bila kuaga.

Mshonaji ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao afariki; alimbeba mgongoni huku mwenyewe ni mtoto. Damu nzito kuliko maji. Akamshika bega.

"Sogea, mdogo wangu. Ukale, ulale kidogo. Tutapokezana."

"Kweli, dada?"

"Kweli. Inuka."

Alipoketi tu, kitu chenye joto kikamlalia mgongoni, kizito kama mtu mzima, na mikono ambayo hakuiona ikapita chini ya kwapa zake ikamshika viganja, ikaanza kumgawisha karata, saba, sita, tano, huku pumzi ikimwunguza sikio, na kila alipokaribia kufungua safu ya mwisho ree ya shupaza ilikosekana, na mikono ile ikazikusanya karata zote, ikazichanganya, ikaanza upya.

Kutoka jikoni alisikia kijiko kikigonga sahani. Alisikia maji ya kuoga. Kisha zipu ya begi.

"Mdogo wangu," alijikakamua kusema, "zamu yako."

Nyayo zilisimama nyuma ya mlango wa chumba. Mtu alikuwa akilia kwa kujizuia.

"Nisamehe, dada. Mimi siwezi tena."

"Usiniache naye! Mdogo wangu, usi…"

Mlango wa nje ukafungwa polepole, kama ufungavyo mlango usimwamshe mtoto. Mshonaji akajaribu kuinuka. Mikono ikambana, ikamfunulia karata nyingine.