Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Lilianza jambo dogo tu, mkanda. Mkanda wa kiti cha nyuma cha kindege cha Mabula ulikutwa umefungwa, umekazwa, na kitini hamna mtu. Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyeuona asubuhi akifukuza ng'ombe wa jirani kwenye uwanja wao wa nyasi, huku Tinde. Akaufungua. Kesho yake umefungwa tena, na kiti kinanuka udongo mbichi, kiangazi chote hiki!

Kindege chenyewe kilikuwa mabomba na kitambaa, kelele kama mashine ya kusaga. Lakini mwambie Mabula asiruke uone! "Kule juu, mama Hosiana, upepo unakuosha mpaka roho," humwambia mkewe. Sasa kindege kilimaliza uwanja mzima ndipo kikainuka, kana kwamba kimebeba magunia ya mpunga.

"Baba Hosiana, umempakia nani?" Nyamizi alimnong'oneza.

Mabula akaangalia chini. "Jumapili nilikuwa angani peke yangu. Nikasikia masikioni, kwenye hedifoni, 'Hodi.' Nikajibu karibu. Mdomo umezoea, mke wangu. Nani asiyeitikia hodi?"

Wakaenda kwa mganga, Bibi Sesilia, wakampa shikamoo. Hata kuku waliyemletea hakumpokea.

"Jini aliyekaribishwa simfukuzi mimi," alisema. "Aliyemkaribisha ndiye atakayemuaga, kulekule alikomkaribishia. Na akibisha hodi tena, nyumba nzima asimjibu mtu."

Kulipopambazuka Mabula akaruka. Nyamizi alibaki kwenye nyasi zenye umande, redio ya mkononi ameibana kifuani.

"Mgeni," sauti ya mumewe ilisikika, inatetemeka, "umekaa vya kutosha. Nenda salama."

Halafu pumzi, za watu wawili, moja nzito na moja ya taratibu, zikipandana na kupishana, na ile harufu ya udongo mbichi ikaanza kupanda miguuni pake ingawa kindege kilikuwa mbali huko juu, hata akahisi anaimeza. Sauti ikajibu kwa adabu kabisa:

"Ahsante, mwenyeji wangu. Basi nisindikize."

"Mabula! Shuka! Shuka, nakuomba!"

Atafanya nini mtu aliye chini? Alipiga kelele, alikimbia uwanja mzima, alianguka, akainuka. Kindege kikageuka kuelekea upande wa Buzwagi, kikawa nukta, kikapotea. Mlio wa injini ukakatika.

Alikaa hapo mpaka jua likapanda. Ndipo redio ikakwaruza, na sauti ya Mabula ikaja, tulivu, kama ya mtu arudiye kutoka kazini.

"Hodi, mama Hosiana."

Nyamizi akajiuma mkono mpaka damu. Mungu ndiye anayejua alivyotaka kujibu. Akatafuta kitufe cha kuizima redio, vidole vikakataa.

"Hodi, jamani."

Nyuma yake mlango wa nyumba ukafunguka. Hosiana, miaka mitano, alitoka anafikicha macho, akaisikia sauti aliyozoea kuipokea kila jioni.

"Karibu, baba!"