Picha Iliyovuka Kanga

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Nusrat alikwenda kumsaidia shangazi yake Saida. Saida alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Nusrat, aliyekuwa darasa la sita, alifagia, akafuta vumbi, kisha akangoja kazi aliyoipenda kuliko zote: kushika ubao wa mwanga. Ulikuwa ubao mwepesi uliobandikwa karatasi ya kung'aa. Ukiuinamisha vizuri, jua lililo nyuma ya mtu linarudi kumwangaza usoni.

Mabibi harusi wa Kiislamu walimpenda Saida kwa ufundi wake, lakini zaidi kwa uaminifu wake. Alikuwa mwanamke mwenzao, na picha aliyopiga haikuonwa na mtu ila mwenyewe. Hata ukutani kwake hakutundika picha ya mteja. "Anayetaka kujua kazi yangu, awaulize niliowapiga," alizoea kusema.

Jumamosi moja alikuja Mwanahawa, aliyekuwa amebakiza wiki moja aolewe. Huyu hakutaka bustani wala maua ya plastiki. Alichagua ghala bovu la mtaa wa Soweto, ambalo zamani lilihifadhi mpunga wa kutoka Ubaruku. Plasta ilikuwa imebanduka, mabati yameshika kutu, na uani limebaki lori kuukuu lisilo na magurudumu.

"Gauni jeupe litang'aa zaidi mbele ya kutu," alisema.

"Una jicho, mdogo wangu!" Saida alicheka.

Ghala halikuwa na geti. Basi mama wadogo wawili wa bibi harusi wakashika kanga, huyu ncha hii na yule ncha ile, wakaziba mlango wa ua ili wapita njia wasione. Ndipo Mwanahawa akavua hijabu.

Saida akamgeuza, asitazamane na jua. "Jua la usoni litakukunjisha macho. Simama hapa, jua likupige mgongoni. Uzito uweke mguu wa nyuma. Geuza bega, shusha kidevu kidogo. Usinitazame mimi, tazama lile dirisha." Kisha akamgeukia Nusrat. "Inamisha. Bado. Bado. Hapo hapo!"

Mwanga ukatua taratibu usoni mwa Mwanahawa, na ule ukuta mchafu nyuma yake ukawa mzuri ajabu. Mama wadogo walipiga vigelegele, nusura kanga iwaponyoke.

Waliporudi studio, Saida alitoka kuwasindikiza wageni. Nusrat akabaki na kamera, na roho yake ikamsumbua. Jackline, rafiki yake waliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa amemcheka walipokutana njia ya kwenda ghalani: "Bibi harusi kwenye ghala bovu? Si atatoka kama fundi gereji!" Nusrat alitaka kumkomesha. Akachukua simu ya studio, akaipiga picha skrini ya kamera, akaituma kwenye simu ya mama yake Jackline, ambayo Jackline alizoea kuitumia. Akaandika: "Huo mwanga nimeushika mimi. Usimwonyeshe mtu."

Jibu lilikuja upesi. "Haki ya Mungu, simwonyeshi."

Jumatatu jioni, Nusrat akiwa amepitia studio akitoka shule, Mwanahawa aliingia bila hata kusalimia. Alimnyooshea Saida simu.

"Dada Saida, umenifanyia nini?"

Kwenye simu ilikuwa picha yake, kichwa wazi.

"Nimetumiwa na wifi yangu. Kaikuta kwenye status ya mama mmoja muuza mchele hapo sokoni. Wateja wake wote wameziona nywele zangu, wanaume kwa wanawake! Bwana harusi mwenyewe kaonyeshwa na rafiki zake. Watu waliniambia wewe unaaminika!"

Muuza mchele! Nusrat alimjua. Ndiye mama yake Jackline. Jackline, aliyemwamini kuliko dada wa tumbo moja, alikuwa amemgeuka.

"Mdogo wangu, picha hii haijatoka hapa," alisema Saida, machozi yakimlenga. "Kama huniamini, naapa. Walla..."

"Shangazi, usiape!"

Wote wawili waligeuka kumtazama.

"Ni mimi," alisema Nusrat. "Nilimtumia Jackline. Nilimwambia asimwonyeshe mtu."

Saida alikaa chini. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Nusrat kuliko fimbo. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Nilikuwa naapa uongo kwa jina la Mungu, na aliyeniponza ni mtoto wa kaka yangu."

Walikwenda sokoni saa hiyo hiyo. Jackline alikuwa amekaa juu ya gunia nyuma ya mama yake.

"Umenisaliti!" Nusrat alipiga kelele. "Nilikuonyesha wewe peke yako!"

Jackline aliinamisha kichwa. "Nilitaka watu waone rafiki yangu anavyojua kazi." Kisha akainua macho yaliyojaa machozi. "Na wewe je? Uliruhusiwa kumwonyesha nani?"

Nusrat alirudi nyuma ya shangazi yake.

Mama Jackline aliifuta picha, kisha akawapigia wateja wake mmoja mmoja, akiwaomba waifute nao. Wengine walikubali. Wengine walikiri wameshaituma kwingine. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Mwanahawa alimgeukia Saida. "Zile picha zote zifute, sitaki hata kuziona," alimwambia. "Tutapiga nyingine asubuhi ya harusi. Nitarudi kwako kwa sababu mtoto huyu angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. Ila yeye asinione."

Asubuhi ya harusi, kule kule ghalani, ubao wa mwanga ulishikwa na mama mdogo mmoja. Nusrat alipewa ncha ya kanga, akasimama mlangoni akitazama barabara. Nyuma yake alimsikia shangazi: "Inamisha. Bado. Bado. Siyo huko, mama!" Mikono ilimwasha na shingo ikataka kugeuka. Hakugeuka.

Jackline alitokea na mfuko wa mchele kichwani. Akasimama.

"Amependeza?"

"Sijui," alijibu Nusrat. "Siangalii."

Jackline aliutua mfuko. Mama mdogo aliyekuwa ameshika ncha ya pili alikuwa akiitwa ndani kutengeneza shela, basi Jackline akaipokea ile kanga. Naye akageukia barabara.

Kazi ilipokwisha, Saida alitoka na kuwakuta wamesimama hivyo hivyo.

"Mmeona sasa?" alisema. "Picha ya mtu ni amana, na amana haigawanywi hata kwa rafiki wa chanda na pete. Nusrat, ulimlaumu mwenzako kwa kuivunja siri, lakini wewe ndiye uliyeivunja kwanza. Hukuponywa na kulaumu. Umeponywa na kusema kweli."

"Ndiyo, shangazi."

Mwanahawa alipita katikati yao, amejifunika buibui, macho tu yakionekana. Alisimama kidogo mbele ya Nusrat.

"Ahsanteni kwa kunishikia kanga," alisema.