Mlinzi wa Boti ya Taalai

Kiti cha mlinzi kilikuwa kimelowa tena.

Taalai alikigusa kwa kiganja. Boti ilikuwa uani kwake, juu ya trela, imefunikwa turubai tangu Jumapili, na mvua haikuwa imenyesha mjini Cholpon-Ata wiki nzima. Sakafu ilikuwa kavu. Usukani ulikuwa mkavu. Kiti kile peke yake, kilicho nyuma karibu na ngazi, kilikuwa kinachuruzika. Alilamba kidole. Maji yalikuwa na chumvi kidogo, kama ya ziwani.

Alikikausha kwa fulana kuukuu, akafunga trela kwenye gari.

Alikuwa na duka la matairi, na boti ilikuwa yake mwenyewe. Hakuwa na kampuni wala wateja. Siku za mapumziko aliwachukua wenzake wa kupiga mbizi, wakachangia petroli, wakaenda kutazama kuta za mji uliozama chini ya ziwa Issyk-Kul. Mwaka huo watu walikuwa wakisema kwamba ukitaka kushuka majini na kurudi nyumbani, panda boti ya Taalai. Alikagua mitungi ya hewa mmoja mmoja. Alibeba oksijeni na redio. Aliita majina kabla ya watu kushuka na baada ya kupanda, na kila mtu alijibu kwa kinywa chake. Juu ya yote, hakukubali watu wazame kabla mmoja wao hajakubali kubaki botini, akiwa mkavu, aangalie nanga na upepo.

Asubuhi hiyo abiria walikuwa wawili: Gulzat, daktari wa meno, na Ernis, dereva wa gari la mikate. Taalai aliwasimamisha gatini akaanza maneno yake ya kila safari.

"Upepo ukibadilika, mlinzi anagonga ngazi kwa spana. Mara tatu. Sauti inafika chini. Ukisikia, unapanda, lakini polepole. Ukitokeza juu, unaweka mkono kichwani: niko salama. Mlinzi naye anaweka mkono kichwani: nimekuona."

"Baike, tumeshakariri," Ernis alisema. Alimwita baike, kaka mkubwa, kama walivyomwita wote. "Juzi nimeweka mkono kichwani mbele ya mke wangu, akaniletea dawa ya maumivu."

Gulzat alicheka. Taalai hakucheka.

"Hata Urmat alikuwa amekariri," alisema. "Nilimwacha botini vuli iliyopita awe mlinzi. Akaacha lindo. Akavaa mtungi, akazama peke yake. Nanga ikachomoka, upepo wa Ulan ukachukua boti. Akaifukuza kwa kuogelea mpaka baridi ikammaliza. Mlinzi haachi kiti."

Wote wawili waliinamisha vichwa. Hakuna aliyewahi kufanya mzaha baada ya maneno hayo.

Nanga na upepo wa Ulan vilikuwa kweli. Yaliyobaki hayakuwa. Siku ile Taalai na Urmat walikuwa wawili tu, na wote wawili walizama. Botini hakubaki mtu. Walipoibuka, boti ilikuwa mbali, inakwenda yenyewe na mawimbi, na Urmat, aliyekuwa kijana, aliogelea kuifuata. Taalai aliokotwa na wavuvi. Polisi walipomuuliza nani alikuwa analinda boti, akawaambia Urmat. Mamake Urmat alipomuuliza, akamwambia hivyo hivyo. Tangu hapo alikuwa akiyarudia gatini kila safari, na kila alipoyarudia, watu walizidi kumwamini.

Ernis ndiye aliyebaki kuwa mlinzi. Alitazama kiti, akaenda kukaa juu ya sanduku.

"Kaa kitini," Taalai alisema.

"Kimelowa."

"Nimekikausha asubuhi."

"Basi kimejikojolea, baike. Mimi suruali yangu ni ya kuazima."

Taalai na Gulzat walishuka kwa kufuata kamba ya nanga. Chini maji yalikuwa ya kijani na baridi. Walifika kwenye ukuta wa matofali, Gulzat akamulika shingo ya mtungi wa udongo iliyochomoza mchangani. Ndipo ngazi ilipogongwa. Mara tatu, taratibu, chuma kwa chuma.

Walipanda polepole kama inavyotakiwa. Walipotokeza, ziwa lilikuwa shwari. Ernis alikuwa anakula boorsok, shavu limejaa unga uliokaangwa.

"Umegonga kwa nini?" Taalai aliuliza.

"Mimi? Nilidhani ni nyinyi, mnagonga kutoka chini."

"Acha utani."

"Wallahi sijagonga. Spana hii hapa." Aliitoa mfukoni mwa koti.

Gulzat alivua miwani. Alinusa hewa. "Nani anakaanga mafuta?"

Pwani ilikuwa mbali, na botini hapakuwa na jiko. Lakini harufu ilikuwepo, ya mafuta ya pamba yaliyochemka kwenye sufuria kavu bila kitu cha kukaanga. Ilitoka nyuma, upande wa ngazi. Taalai aliwasha injini kabla hajaulizwa zaidi.

Jumapili iliyofuata angeweza kukataa safari. Alifikiri hivyo akiwa bado kitandani. Lakini angekataa kwa sababu gani, mbele ya watu waliomjua kuwa mtu asiye na hofu ila ya uzembe? Alikwenda. Gatini aliwaambia Gulzat na Ernis habari za Urmat, neno kwa neno, na alipofika kwenye "nilimwacha botini" alihisi ubaridi nyuma ya magoti, kama mtu aliyesimama karibu na mlango wa friji uliofunguliwa.

Siku hiyo yeye na Gulzat walishuka zaidi ya ukuta, mahali penye mteremko, ambapo mwanga ulikuwa mchache na tochi ya Gulzat ilionyesha vumbi tu. Ngazi iligongwa mara tatu. Taalai alimfanyia Gulzat ishara ya kusubiri, maana aliujua mlio huo sasa na hakutaka kuuamini. Ikagongwa tena mara tatu, halafu haikukoma, ikagongwa upesi upesi kama mtu anayebisha mlango wa nyumba inayoungua, na sauti haikutoka juu peke yake bali pia kutoka ukutani, na kutoka kwenye kile kiza cha mteremko chini ya miguu yao, mpaka Gulzat akaachia tochi na kuanza kupanda kwa kasi inayoweza kumuua mpiga mbizi, na Taalai akamdaka mguu, ukateleza, akamdaka tena, akainua macho kutazama anakoelekea, na pale juu, kwenye ngozi nyeupe ya maji, akaona tumbo la boti, na ukingoni pa boti, upande wa kiti cha mlinzi, miguu miwili iliyoning'inia majini, ikipigapiga bila haraka, imevaa mapezi ya njano.

Urmat alipozikwa, pezi lake moja la njano lilibaki kwenye kabati la mamake. La pili halikupatikana.

Alipofika juu, hapakuwa na miguu. Ernis alikuwa mbele kabisa ya boti, ameshika kamba ya nanga kwa mikono miwili, uso hauna damu.

"Sikuacha kamba, baike," alinong'ona. "Ilikuwa inagongwa nyuma yangu na sikugeuka. Mungu anisamehe, sikugeuka. Spana iko mfukoni. Iguse mwenyewe."

"Nisaidie kumpandisha."

Gulzat alikuwa anatetemeka. Alisema hausikii mkono wake wa kushoto. Walimlaza, wakamvalisha kinyago cha oksijeni, na Taalai akaita kwa redio gari la wagonjwa lisubiri gatini. Njia nzima alimshika Gulzat mkono ule uliokufa ganzi. Alijua hesabu yake. Kina kingekuwa kirefu kidogo zaidi, au mguu ungemponyoka mara ya pili, naye angekuwa anarudi na maiti nyingine, na angehitaji hadithi nyingine.

Mkono wa Gulzat ulirudi baada ya siku chache hospitalini. Taalai alikwenda kwa Batma, mganga wa kijiji cha juu, mwanamke mnene aliyevaa sweta ya michezo ya mjukuu wake.

Batma alifukiza majani ya mreteni, akamwaga maharagwe juu ya kitambaa, akayagawa mafungu. Aliyatazama kwa muda.

"Una mtu botini," alisema.

"Ni Urmat, apa?" Taalai aliuliza, akimwita mama kwa heshima.

"Urmat yuko kaburini, na kaburi lake limetulia kuliko wewe. Huyu ni jini. Amevaa sura ya yule kwa sababu wewe ndiye uliyemvisha." Aligusa fungu moja la maharagwe. "Uliwaambia watu kulikuwa na mtu kwenye kiti. Alikuwepo?"

Taalai alitazama kitambaa.

"Nakuuliza kama dada yako. Alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Ukalisema mara moja?"

"Kila safari."

"Basi unamwita kila safari, halafu unakuja kuniuliza amefikaje." Alikusanya maharagwe. "Naweza kumfukizia na kumsomea, atatoka. Lakini atarudi ukimwachia pa kukaa. Nenda kwa wale uliowaambia. Anza na mama wa marehemu. Ueleze yote. Usibakize hata neno moja, maana ukibakiza moja, atakalia hilo."

Alikwenda Alhamisi, pamoja na Gulzat na Ernis, ambao alikuwa amewaambia njiani. Ernis alikuwa amesimamisha gari, akatoka nje, akapiga teke tairi, akarudi ndani. Gulzat alikuwa amelia kidogo, akitazama nje ya dirisha.

Saikal, mamake Urmat, alikuwa jikoni. Mafuta yalikuwa yanachemka, maana Alhamisi watu huwatolea marehemu wao harufu ya mafuta, ili wajue wamekumbukwa. Alikaanga kipande kimoja kimoja cha unga na kutaja majina: mumewe, mama mkwe, kaka yake aliyefia jeshini. Jina la mwanawe hakulitaja.

"Apa," Taalai alisema, "Urmat umemsahau?"

"Ningemtaja vipi?" Hakugeuka. "Majirani wanajua aliacha lindo. Baba yake hakuwahi kuacha kazi hata siku moja. Nilisema nimpe mwaka, labda nitapoa."

Taalai alipiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Alisema kwamba boti ilikuwa tupu. Alisema kwamba wote wawili walizama, kwamba Urmat hakuacha lindo lolote kwa sababu lindo halikuwepo, kwamba yeye ndiye mwenye boti na yeye ndiye aliyewadanganya polisi, majirani na mama mtu. Alisema Urmat alikufa akiifuata boti ili arudi kumchukua yeye. Alilia. Ernis alitazama dari.

Saikal alizima jiko. Alikaa kwenye kigoda.

"Na yeye," aliuliza, "alisemaje? Alitaka kushuka mwenyewe?"

Hili ndilo lililokuwa limebaki. Asubuhi ile Urmat alikuwa amelitazama wingu la magharibi, akasema kwa adabu yake, "Nenda tu, baike. Mimi nitabaki." Naye Taalai alikuwa amecheka. Alikuwa amemuuliza kama anaogopa kuloa, kama amletee skafu ya bibi yake, akamtupia mapezi ya njano miguuni. Kijana aliona haya, akayavaa.

Taalai alimtazama mama yule. Alimwona amechoka. Alijiambia kwamba neno hilo halitamsaidia, kwamba lingemuumiza tu.

"Alitaka mwenyewe, apa," alisema. "Alilipenda ziwa."

Saikal aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyepewa kitu. Akawasha tena jiko, akaweka kipande cha unga kwenye mafuta, akataja jina la mwanawe kwa sauti. Kilipoiva, alikimega akampa Taalai nusu.

"Kula," alisema. "Umenirudishia mtoto."

Alikila. Kilikuwa cha moto.

Batma alikuja akafukiza boti, akasoma, akatemea mate ya dua kila pembe. Kiti kilikauka. Kilibaki kikavu majira yote ya baridi, na kila asubuhi Taalai alikwenda uani kukigusa.

Masika yalipofika, Gulzat mwenyewe ndiye aliyetaka kurudi majini. "Nisipozama mwaka huu, sitazama tena," alisema. Taalai alikubali kwa sharti kwamba mlinzi awe yeye mwenyewe. Hakuzama tena, siku hiyo wala nyingine. Gatini alieleza habari za spana, ishara na majina. Habari za Urmat hakuzisema, na Ernis alimpiga bega kwa upole.

Gulzat na Ernis walishuka. Taalai alikaa kwenye kiti kile, spana mapajani, macho kwenye kamba ya nanga. Jua lilikuwa kali. Upepo haukuwepo. Mapovu yao yalipanda sawasawa, na baada ya muda alianza kufikiri kwamba mtu anaweza kuishi hivi, akikaa palipotakiwa mtu akae, akiangalia wenzake mpaka uzee.

Gulzat alitokeza kwanza, umbali mfupi kutoka kwenye ngazi. Aliweka mkono kichwani.

Taalai aliweka mkono wake kichwani.

Gulzat hakuushusha wake. Alikuwa anatazama juu kidogo ya bega la Taalai, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Ernis alitokeza kando yake, akaweka mkono kichwani, naye akabaki hivyo hivyo.

"Baike," Gulzat aliita, sauti imepungua, "umekuja na nani?"

"Niko peke yangu."

"Mbona mmejibu wawili?"

Harufu ya mafuta ya moto ilimfika shingoni. Maji yalianza kudondoka juu ya sakafu kavu nyuma yake, tone baada ya tone, na kitu cha mpira, kilicholowa, kilitulizwa kwa upole karibu na mguu wake. Hakuinama kukitazama. Alijua rangi yake. Kisha, karibu sana na sikio, kwa sauti ya adabu ya kijana anayezungumza na mkubwa wake, akasikia yale ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote.

"Nenda tu, baike. Mimi nitabaki."