Shahidi Ukutani

Kila tetemeko la ardhi lilipopita, majirani walikimbilia uwanjani. Fundi Laini alikimbilia ndoo.

Alikuwa fundi wa lipu, na mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kuta zake. Watu walisema nzi akitua kwenye lipu ya Fundi Laini huteleza mpaka chini. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa tangazo la kazi yake. Mteja akija, alimwingiza ndani, akamwambia apitishe kiganja ukutani. Mteja alipitisha kiganja, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, na mapatano yakamalizika hapo hapo.

Nchi yao ilikuwa nchi ya matetemeko, na mwaka huo ardhi haikutulia kabisa. Leo vikombe vinagongana kabatini, wiki nyingine taa inabembea darini. Kila mara ufa ulijitokeza pale pale, katika chumba cha nyuma, kutoka kona ya dirisha ukipanda upande upande. Na kila mara Fundi Laini alikoroga saruji na mchanga, akauziba, akaulainisha, na mambo yakawa kama hayakuwahi kutokea.

Mkewe alimtania. Alisema kwa jinsi lipu inavyoongezwa, chumba kile kitabaki na nafasi ya kuweka mto tu. Fundi alicheka naye. Aliamini kwa moyo mmoja kwamba anaitunza nyumba yake.

Kisha binti yao akaja kujifungua kwao. Alipata mtoto wa kike, mwenye afya na sauti ya kuamsha mtaa. Wakampa chumba cha nyuma kwa sababu kina hewa na kiko mbali na barabara. Babu mpya alikipaka rangi ya maziwa. Chini ya dirisha waliweka kiti, na hapo ndipo binti alipokaa kunyonyesha.

Wiki chache baadaye, mwanamke mmoja alipita mtaani nyumba kwa nyumba. Alivaa buti na kofia ngumu. Alitoka katika ofisi inayofuatilia matetemeko ya nchi nzima. Watoto wa mtaa walikuwa wameshampa jina, Bibi Tetemeko, ingawa hakuwa na hata mvi moja. Mwenyewe alipolisikia alicheka, akasema kazini huitwa vibaya zaidi.

Alibisha hodi kwa Fundi Laini, akaamkia, akaitikiwa, akakaribishwa chai. Fundi alimuuliza anatafuta nini kwenye kuta za watu, na ofisi yao si ina mashine.

"Mashine zinatuambia ardhi imetikisika kiasi gani, mzee," alisema Bibi Tetemeko. "Lakini mtikisiko huo umefanya nini kwa watu, hilo tunaambiwa na nyumba. Ndiyo maana natembea."

Akatoa simu yake, akawaonyesha ramani ya nchi yenye alama nyingi. Kila alama, alisema, ni kituo. Chini ya ardhi kuna kipimo kinachohisi hata mtikisiko ambao mguu wa mtu hauusikii, nacho hutuma mstari wake ofisini usiku na mchana. Fundi aliutazama mstari mmoja ukiruka juu na chini, akauliza kama lori zito likipita halitawadanganya.

"Lori hutikisa kituo kimoja," alijibu. "Ardhi hutikisa vingi. Kituo cha karibu huhisi kwanza, cha mbali huhisi baadaye. Tukilinganisha saa za kila kituo, tunajua tetemeko lilianzia wapi."

Fundi Laini alibaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo yeye alikuwa amelala, na kumbe kulikuwa na watu wanaopokezana zamu, macho hayabanduki kwenye mistari ile. Aliwavulia kofia. Alikuwa fundi, na alijua uzito wa kazi inayotaka uangalifu wa kila siku bila mtu wa kuipigia makofi. Akamwongezea mgeni chai bila kuulizwa.

Mke wake akauliza swali lililokuwa likimkera. Simu za mtaa zilikuwa zimejaa ujumbe kwamba tetemeko kubwa litakuja Ijumaa. Je, ni kweli? Bibi Tetemeko alitikisa kichwa. Hakuna mtu duniani anayejua siku wala saa ya tetemeko, alisema, na anayetaja tarehe anawapotezea watu usingizi bure. Wanachoweza wao ni kupima yaliyotokea, kujua ni maeneo gani yana hatari, na kuwasaidia watu wajiandae.

Kisha akaomba kuona kuta. Fundi alimzungusha chumba baada ya chumba kifua mbele. Mgeni alipitisha kiganja, akasifia. Katika chumba cha nyuma alitazama huku na huku, hakuona kitu. Alikuwa ameshaanza kuaga.

"Mwonyeshe pale," alisema mke wa fundi.

"Pale wapi? Hapa hakuna kitu."

"Hakuna kitu kwa sababu wewe umekifunika. Umekifunika mpaka nimechoka kuhesabu."

Bibi Tetemeko alisimama. Hakuonyesha hasira, ila uso ulibadilika. Aliuliza kama ufa hurudi mahali pale pale. Fundi akasema ndiyo, lakini ni kitu kidogo tu cha kawaida. Mgeni akauliza kama umeingia kwenye tofali au uko kwenye lipu tu. Fundi akasema hakuwahi kuangalia. Mgeni akauliza kama mara ya mwisho ulikuwa mpana kuliko mara ya kwanza. Hilo nalo fundi hakulijua, maana hakuwahi kuupa ufa nafasi ya kukaa hata siku moja.

Binti alikuwa mlangoni, mtoto begani. "Baba," alisema taratibu, "hapo ndipo ninapokaa na mtoto."

Fundi Laini akaenda kuleta nyundo na patasi. Mgeni alitaka kumsaidia, fundi akakataa, akasema lipu hii ameipiga mwenyewe na ataibomoa mwenyewe. Vipande vilianguka, tabaka kwa tabaka, kazi ya mwaka mzima. Nyuma yake ufa ukajitokeza, umekata tofali, mpana kiasi cha kuingiza sarafu. Alisimama akiutazama, na aibu ikamshika mpaka masikioni.

"Usione haya, mzee," alisema Bibi Tetemeko. "Lipu ni nguo ya ukuta. Inaupamba, haiushikilii. Ungeuacha huu wazi, leo ningejua kama ni wa zamani na umetulia, au bado unaendelea. Sasa siwezi kujua. Tuuwekee shahidi."

Shahidi lilikuwa jambo rahisi. Alimwambia fundi akoroge jasi, ule unga mweupe wa mapambo ya dari, kisha apige kiraka chembamba katikati ya ufa, kishike tofali la upande huu na la upande ule. Jasi haivutiki hata kidogo. Ukuta ukisogea, hata kama jicho halioni, kiraka kitapasuka.

"Kikipasuka usikizibe," alisema. "Nipigie."

Fundi alikipiga kiraka kile kwa mwiko wake mzuri, kikakaa kama sahani. Bibi Tetemeko aliandika tarehe pembeni kwa penseli, akasema hajawahi kuona shahidi aliyevaa vizuri namna ile. Kabla ya kuondoka aliwasaidia kuhamishia kitanda na kiti upande wa pili wa chumba. Akawafundisha na la kufanya ardhi ikitikisika: kuinama chini ya meza imara, kufunika kichwa, kuishika meza mpaka ardhi itulie. Wasikimbie, na wasisimame karibu na dirisha. Fundi aliitikia kila neno, na siku ile ile akalifunga kabati la vyombo kwa skrubu ukutani.

Siku zikapita. Binti alikirudisha kiti dirishani, akasema mtoto anapenda mwanga. Shahidi alikuwa mzima, na hakuna aliyemkataza.

Ikafika siku ya wakwe. Wazazi wa mume wa binti walikuwa wanakuja kumwona mjukuu kwa mara ya kwanza. Nyumba ilifagiliwa, vikombe vya wageni vikatolewa. Fundi Laini aliingia chumba cha nyuma kuhakikisha kila kitu kinapendeza, akatazama ukutani, akasogea karibu. Katikati ya kiraka cheupe palikuwa na mstari mwembamba kama uzi.

Aliguswa pabaya. Wakwe wako njiani, na ukuta wa fundi wa lipu uko uchi, una kidonda na bandeji iliyochanika. Mkono wake ulishafika kwenye mwiko, na jasi ilikuwepo. Ni dakika chache tu za kazi, na mtu yeyote asingejua.

Kisha akamwona mjukuu wake amelala, midomo ikichezacheza. Akaweka mwiko chini, akapiga simu.

Bibi Tetemeko alimwomba apige picha na kuituma. Alipoiona, alisema asubuhi ile vituo viwili vya karibu vilirekodi mtikisiko mdogo sana. Fundi akasema walikuwa mezani wanakunywa chai, wala hawakuhisi kitu.

"Nyinyi hamkuhisi. Ukuta wenu umehisi," alisema. "Sitaki kukutisha, mzee, siwezi kukwambia kesho itakuwaje. Lakini ukuta huo unasogea. Toa watu wote humo sasa hivi, na vitanda. Kesho nakuja na mhandisi wa majengo."

Wakahama mbio. Kitanda, nguo za mtoto na beseni vyote viliingia sebuleni, na sebule ya wageni ikageuka stoo. Kiti tu ndicho kilichosahauliwa dirishani.

Wakwe walifika, wakakuta vurugu ile. Mama mkwe wa binti, mwanamke mwenye heshima zake, alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Fundi Laini akapiga moyo konde. Badala ya kuwaonyesha lipu yake, aliwasimamisha kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akawaonyesha ufa na kiraka kilichopasuka, akawaeleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mgeni ukuta mbaya.

Chai ilikuwa mezani ardhi ilipounguruma. Safari hii haikuwa ya kugonganisha vikombe tu. "Chini ya meza," alisema fundi, na wote wakainama, binti katikati, mtoto kifuani mwake. Mama mkwe aliingia na kikombe chake mkononi. Kabati lililofungwa kwa skrubu lilitetemeka, likabaki limesimama. Kutoka nyuma ukasikika mshindo mzito, kisha vumbi likaja chini ya mlango.

Ilipotulia walifunga gesi, wakatoka taratibu, wakakaa mbali na kuta. Hakuna aliyeumia. Mama mkwe aliinua kikombe chake, akasema chai yake haijamwagika. Wakacheka, na katika kucheka huko binti akaanza kulia.

Kesho yake Bibi Tetemeko alifika na mhandisi. Kona nzima ya dirisha ilikuwa imeanguka ndani. Matofali yalikuwa yamekilalia kiti, miguu yake imevunjika yote. Fundi Laini akamshika yule mwanamke mkono kwa mikono yake yote miwili.

Ukuta ulijengwa upya, safari hii kwa nguzo za zege pembeni na mkanda wa zege wenye nondo za chuma juu, kama mhandisi alivyoelekeza. Fundi aliupiga lipu, laini kama zamani. Majirani wakaanza kumwita, si kuziba nyufa zao, bali kuziwekea mashahidi kwanza. Alikwenda nyumba kwa nyumba na jasi yake, na tarehe aliziandika kwa penseli.

Siku moja taa ilibembea tena kidogo. Majirani walikimbilia uwanjani, wakamwona Fundi Laini akitoka baadaye, mikono mitupu, bila ndoo. Alikuwa amekagua kila kiraka alichokipiga kwenye kuta zake nyingine. Akapiga simu.

"Mwanangu, tetemeko limepita. Mashahidi wote wa mtaa wangu nitawapitia, ila wa kwangu hawana neno."

"Tetemeko nimeliona kwenye mstari, mzee," alijibu Bibi Tetemeko. "Nilikuwa nangoja simu yako ndipo nipumue."