Kengele ya Chumba cha Ndani

Nilitoka zahanati mara moja tu. Mara moja, jamani! Jua lilikuwa linazama, nikaenda nyumbani kuchukua chupa ya chai na kanga mbili kavu. Kutoka pale mpaka kwangu ni mwendo wa dakika chache, na mimi si mtu wa kutembea kama ninatafuta sindano iliyoanguka.

"Mama, usiniache," binti yangu aliniambia. Uso alikuwa ameukunja, mkono umeng'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Nakuacha wapi? Naenda narudi. Hata hutajua kama niliondoka."

Mkunga akasema njia bado haijafunguka, niende tu ila nisikae. Nikavua aproni ya bluu, nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Zahanati ile ina taratibu zake. Vyumba vya kujifungulia ni viwili, cha nje na cha ndani, na mkunga wa zamu ni mmoja. Kila mama anaruhusiwa msindikizaji mmoja, na msindikizaji ndiye anayevaa aproni ya chumba. Huna aproni, huingii. Halafu unapewa kengele ya mkono, ya shaba, kama ile ya shuleni. Mkunga akiwa chumba kingine na wewe ukaona mambo yanaharibika, unaipiga. Inasikika mpaka barabarani.

Kengele ya chumba cha ndani naijua. Naijua kuliko ninavyopenda. Nilitaka sana binti yangu ajifungulie kwingine, popote, lakini uchungu ulimshika ghafla na pale ndipo palipokuwa karibu.

Ngoja nijitambulishe, maana kwenye karatasi sauti haisikiki. Sokoni wananiita Spika. Miaka thelathini nimenadi nguo za mitumba kwa mdomo huu huu, bila kipaza sauti. Nikiita mwanzo wa soko, aliye mwisho wa soko anageuka. Watu wananitania kwamba hata usingizini nanadi. Nimepiga kelele maisha yangu yote, kasoro jioni moja.

Niliporudi, mlinzi alinizuia getini.

"Spika, pole. Mgonjwa wako ana mtu tayari."

"Mtu gani? Mkwe wangu yuko safarini na lori lake. Hapa ni mimi tu."

"Mwanamke. Kavaa aproni, nimemwona dirishani kwa macho yangu. Nimemuuliza wewe nani, kanijibu yeye ndiye mama."

"Ala! Yeye mama?" Nikacheka kwa hasira. "Na mimi ni nani basi? Shangazi?"

Neno lile lilinitoka lenyewe.

Mlinzi akajikuna shingo. Sauti yake ikashuka. "Kapitia wapi, sijui. Getini hapa hajapita, naapa. Ila ana harufu... ile ya nguo mbichi ikipigwa pasi. Tena pasi ya mkaa."

Chupa ya chai iliniponyoka. Nikaisikia ikivunjika ndani, chai ikanimwagikia miguuni, na wala sikuhisi moto.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa dobi. Alikuwa akipiga pasi nguo za mtaa mzima, asubuhi mpaka jioni, na harufu ile haikumtoka hata akioga mara tatu. Kwenye kiwiko cha mkono wake wa kulia, pale ndani, alikuwa na kovu la ncha ya pasi. Lina pembe tatu, jeusi.

Wifi yangu alikufa miaka ishirini na minne iliyopita. Alifia kwenye zahanati ile. Chumba cha ndani.

Msindikizaji wake nilikuwa mimi.

Nilimpita mlinzi, sijui hata kama alinishika. Korido ilikuwa kimya. Taa moja inawaka, nyingine inapepesa. Nikasikia mtoto analia, kile kilio cha kwanza, chembamba. Robo saa tu tangu nitoke! Njia si ilikuwa bado?

Mkunga akatoka chumba cha ndani mbio, glavu zina damu. Chumba cha nje mwanamke mwingine alikuwa ameanza kupiga mayowe. Akanipita bila kunitazama vizuri, kisha akageuza shingo.

"Mama, mbona uko huku? Si nimekuacha ndani sasa hivi na kengele?"

Hakusubiri jibu. Akaingia chumba cha nje, mlango ukajifunga.

Nikakamata kitasa cha chumba cha ndani. Mlango ule hauna kufuli, haujawahi kuwa na kufuli. Nikasukuma. Nikasukuma kwa bega.

Haukutikisika.

Mlango una kioo kidogo juu. Nikachungulia.

Binti yangu alikuwa amelala chali, macho nusu yamefumba, anatabasamu kwa uchovu. Mtoto kifuani kwake. Na pembeni, kwenye kile kiti changu, mwanamke aliyevaa aproni ya bluu alikuwa amekaa, mgongo wake kwangu, amemshika binti yangu mkono. Harufu ilipenya chini ya mlango. Mvuke. Mkaa. Nguo mbichi...

"Asante, mama," nilimsikia binti yangu akinong'ona. "Mikono yako baridi."

Sasa nitaandika ya ile jioni nyingine, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa.

Nilikuwa nimeolewa miaka saba bila mtoto. Saba! Wifi alipata mimba mwezi wa tatu wa ndoa. Nilimchukia? Ndiyo, nilimchukia, na nilikuwa namfulia nguo huku namchukia. Uchungu ulipomshika, kaka hakuwepo, nikamsindikiza mimi. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Mkunga wakati ule alikuwa msichana, yuko kazini miezi michache, ndiye huyu huyu aliyezeeka sasa. Akanipa mtoto mkono wa kushoto na kengele mkono wa kulia. Akamtandikia wifi kitambaa cheupe. Akaniambia, "Naenda chumba cha nje. Kitambaa kikilowa damu mpaka pindo, piga. Usingoje."

Kitambaa kilianza kulowa.

"Wifi," akaniita. "Naisikia inatoka. Piga."

Nikainua kengele. Nilikuwa nataka kuipiga, Mungu ananiona. Halafu yule mtoto akafumbua macho. Akanitazama mimi. Si mama yake, mimi. Akanyamaza kulia, akatulia mkononi mwangu kana kwamba hapo ndipo kwake.

Nikaingiza vidole viwili ndani ya kengele. Nikakishika kile kichuma kinachogonga. Nikaitikisa.

Haikulia.

"Wifi, piga..."

"Napiga, wifi. Huoni napiga?"

Alikuwa anaona. Alivitazama vidole vyangu, akanitazama usoni. Damu ilifika pindo, ikaanza kudondoka sakafuni, tone, tone. Hakuniita tena. Alisema kwa sauti ndogo mno, "Nimekuona."

Sikuvitoa vidole mpaka macho yake yalipoacha kunifuata.

Mkunga aliporudi nilikuwa nalia kwa kelele zangu zote. Nikamwambia nimepiga kengele mpaka mkono umekufa ganzi, mbona hakuja? Yule msichana akakaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo, kila jioni akiingia zamu, huipiga kengele ile mara tatu dirishani kuhakikisha inasikika. Miaka ishirini na minne.

Kaka akanipa mtoto. Hakuweza kumtazama, akahamia mbali, na huko akafa. Ukoo ukakubaliana mtoto asiambiwe. Nikamlea. Nikampenda, jamani, nikampenda mpaka nikasahau kwamba hakutoka tumboni mwangu. Huyo ndiye binti yangu aliyekuwa kitandani.

Na nyuma ya kioo, kitambaa cheupe kilianza kulowa.

Nikaona doa. Likapanuka. Binti yangu hajui, anamtazama mtoto. Nikajaza mapafu niite mkunga kwa ile sauti yangu ya sokoni, ile inayofika mwisho wa soko.

Nikafungua mdomo.

Vidole viwili vikaingia.

Baridi. Vilinishika ulimi katikati, vikaubana. Sikuona mtu mbele yangu, ila nilivihisi kucha na maungio. Nikitaka kugeuka nikimbilie chumba cha nje, vinanivuta nirudi kwenye kioo. Nikagonga mlango kwa ngumi. Ngumi zangu hazikutoa sauti, kama ninagonga godoro.

Mwanamke akageuka.

Hakuzeeka hata siku moja. Aliinua mkono wa kulia, nikaliona kovu kwenye kiwiko, pembe tatu, jeusi. Kwenye mkono ule alikuwa ameshika kengele. Akaingiza vidole viwili ndani yake, polepole, ili nione vizuri. Akaitikisa.

Kimya.

Damu ilifika pindo.

Nilipiga magoti. Mimi, Spika, nisiyempigia mtu magoti! Nilimwomba kwa macho, kwa mikono, kwa mate yaliyokuwa yananitoka. Nichukue mimi. Chochote. Huyu ni mwanao, wifi, ni mwanao, ni mwanao. Ndani ya kichwa changu nililisema neno lile kwa mara ya kwanza tangu jioni ile. Mwanao.

Tone likaanguka sakafuni. La pili likafuata.

Akatabasamu. Akatoa vidole kwenye kengele.

Akaipiga.

Ililia mpaka vioo vikatetemeka. Mkunga alitoka chumba cha nje akikimbia kama msichana, akanipita, mlango ukafunguka kwa kidole chake. Nilimwona akimkandamiza binti yangu tumbo, akichoma sindano, akipaza sauti aletewe maji. Kiti kilikuwa kitupu. Aproni ilikuwa kwenye msumari, inafuka mvuke.

Binti yangu alipona. Mkiniuliza nini kilinitisha kuliko vyote, si vile vidole. Ni wazo lililonijia nikiwa sakafuni: kwamba angemuua. Niliamini kabisa angemuua, kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Kumbe yeye alikuja kumshika mwanawe mkono.

Na kuzungumza naye.

Asubuhi niliingia kumwona. Mkunga alikuwa anakunja mashuka. Nikanyoosha mikono nimchukue mjukuu, na binti yangu akamvuta mtoto kifuani.

"Kuna mwanamke alikaa na mimi," akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaogopa tu. "Mwanzoni nilidhani ni wewe. Ana kovu hapa, kama ncha ya pasi. Amenisimulia jambo, mama. Amesema ulishika kengele kwa ndani."

Mkunga akaacha kukunja shuka.

"Mimi siamini," binti yangu akaendelea, machozi yanamtoka. "Labda ni uchungu, labda niliota. Umenilea wewe. Sema tu si kweli. Sema mara moja, mama, nitakuamini wewe, wala sitauliza tena maisha yangu yote."

Maneno mawili tu. Si kweli. Mimi ambaye nimewauzia watu mashati yaliyochanika nikaapa ni mapya.

Nikafungua mdomo.

Vidole vilikuwa bado vipo.

Alinisubiri. Alinisubiri muda mrefu, masikini, midomo yake inachezacheza kana kwamba ananisaidia kusema. Kisha akageukia ukutani.

Mkunga alichukua kengele mezani. Akaitikisa mara moja, ikalia. Akanitazama. "Kwa hiyo ilikuwa inalia," akasema. "Siku zote ilikuwa inalia." Akaketi kitandani, akalia kwa kwikwi.

Huu ni mwezi wa nne. Binti yangu na mumewe wamehama. Sokoni meza yangu ina mtu mwingine, mwenye sauti nyembamba kama ya mbu. Daktari amenimulika kooni na kurunzi, akasema sina ugonjwa wowote. Nikamwonyesha alama mbili za bluu juu ya ulimi. Akazima kurunzi, akasema pengine nimejiuma.

Ndiyo maana naandika. Daftari hili nitampelekea binti yangu. Mwanzoni nilikusudia kumwandikia kwamba niliipiga kengele, kwamba yule mwanamke ni shetani tu mwenye fitina. Nikaandika mstari mzima. Kalamu haikuacha hata alama. Nikabadilisha kalamu, nikachukua ya penseli, nayo hivyo hivyo. Ila nikiandika lililotokea, wino unatiririka.

Basi nimeandika yote, kama mlivyosoma. Nilidhani nikifika mwisho vidole vitaniachia. Magharibi hii harufu ya pasi imejaa chumbani, naye yuko nyuma ya kiti changu, anasoma juu ya bega langu. Anangoja mstari mmoja uliobaki, ule ambao binti yangu naye atafungua ukurasa wa mwisho kuutafuta.

Nimejaribu mara tatu kumwandikia kwamba najuta kumchukua.

Kalamu haitoi wino.