Figa la Cucu Rwamba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mukami alichota maji, akafagia uwanja, kisha akachochea moto wa uji. Bibi yake, Cucu Rwamba, hakuwa na maneno mengi asubuhi. Uji ukichelewa alikohoa tu, na Mukami akaongeza kuni haraka.

Huo ulikuwa mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni. Watu wa Kanja walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao, wakakusanywa katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki. Miaka miwili nyuma, watu wenye silaha walikuwa wamechoma nyumba tatu kwa usiku mmoja. Mzee Nyaga, babu yake Mukami, alifia katika moto huo. Idrisi mwuza nyama na mama mmoja aliyeitwa Njura waliuawa pia.

Sasa wazee walitaka kuwajengea ukumbusho. Wengine walisema uwe msalaba. Wengine wakauliza, "Na Idrisi je, aliyekuwa Mwislamu?" Walibishana wiki nzima, mpaka Fundi Jumaa, mwashi wa mjini, alipochoka kuwasikiliza.

"Kuna nyumba gani isiyopikia mafiga?" aliuliza. "Kila nyumba iliyochomwa ilete figa moja. Nitajenga ukuta wa duara wenye majina, na katikati nitaweka hayo mafiga matatu. Siku ya kuufungua tupike uji hapo, watoto wanywe."

Hakuna aliyepinga. Hata wale wabishi walitingisha vichwa kukubali.

"Mukami, nenda boma letu la zamani," Cucu akasema. "Chukua lile figa la upande wa mlango. Magoti yangu hayataki kupanda kilima. Pasi ya kutoka kijijini ndiyo hii."

Mukami alifika mtoni akasimama. Ng'ambo aliona nguzo nyeusi za nyumba ya babu yake. Hakuwa amekanyaga pale tangu usiku ule, na miguu ilikataa kabisa kuvuka. Basi aliokota jiwe la mtoni, akarudi nalo, akalipaka masizi ya chungu nyuma ya nyumba. Akampelekea Fundi Jumaa.

"Ndilo lenyewe hili?" fundi aliuliza.

"Ndilo," Mukami alijibu, akitazama chini.

Fundi alilizika nusu yake udongoni, pamoja na yale mengine mawili.

Siku ya kuufungua ukumbusho, watu walijaa uwanjani. Rahema, binti wa marehemu Idrisi, alikuwa akipanga kuni.

"Fundi, mbona hukutumia mawe ya mtoni?" aliuliza. "Yale yanang'aa."

"Wee Rahema!" Fundi Jumaa alicheka. "Jiwe la mtoni lina maji ndani. Likishika moto linapasuka, vipande vinaruka usoni mwa watu. Figa limeshazoea moto."

Mukami aligeuka haraka akalitazama jiwe alilolileta. Kupika alijua, lakini mafiga aliyakuta yamewekwa zamani, hakuwahi kuyachagua. Wakati huohuo Cucu Rwamba aliitwa awashe moto, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Alipiga magoti polepole, akainamisha uso karibu na mawe, kiberiti mkononi. Mukami aliwatazama watu wote wale. Akisema, ataaibika mbele ya kijiji kizima. Asiposema, je?

"Cucu, usiwashe!" alipiga kelele, akaushika mkono wa bibi yake. "Hilo jiwe si letu! Nilidanganya, nililitoa mtoni."

Watu walinong'ona. Cucu alilikwaruza lile jiwe kwa ukucha, masizi yakatoka.

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Niliogopa kufika pale alipokufa babu," Mukami alisema huku akilia.

Cucu alinyoosha mkono ainuliwe. "Unafikiri ni magoti tu yaliyonizuia? Mimi pia niliogopa. Haya, twende sote wawili."

"Nendeni," Fundi Jumaa alisema. "Uji utangoja."

Walivuka mto wameshikana mikono. Bomani majani yalikuwa yameota kila mahali, na mafiga yalikuwa bado palepale. Walilia kidogo, wakang'oa lile la upande wa mlango, wakalitia ndani ya kiondo. Mukami alirudi akiwa mwepesi, ingawa yeye ndiye aliyebeba.

Moto uliwashwa, uji ukachemka, na hakuna jiwe lililopasuka. Cucu alimpa Mukami kibuyu cha kwanza.

"Ukiogopa, niambie kwamba unaogopa," alisema. "Hiyo si aibu, na nitakuja tuende pamoja. Lakini ukinidanganya, siwezi kukusaidia, na leo usingesema, mimi mwenyewe ningeumia."

"Nitakuambia, Cucu."

"Basi kunywa. Babu yako hakupenda uji uliopoa."